Mbu wenye kijidudu cha kuzuia malaria: likija kwenye baraza letu Ahero, niseme ndiyo au hapana?

MamaMpunga_Ahero

Hamjambo wanajukwaa. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunirukia, maana humu kuna watu hujibu kichwa cha habari peke yake.

Nalima mpunga hapa Ahero, karibu na Kisumu, ndani ya skimu ya umwagiliaji, na nyumba yangu inapakana na mfereji. Aliyewahi kulala kwetu majaruba yakiwa yamejaa maji hahitaji kuhadithiwa habari za mbu. Jioni ukikaa nje, mkono mmoja unakula, wa pili unajipiga makofi miguuni. Ndiyo maana watu wa utafiti hawakosekani huku. Kuna kikundi kinatuletea mitego ya taa, wanaitundika kando ya kitanda chenye neti, asubuhi wanarudi kuchukua kikombe kimejaa mbu wangu. Nasema wangu kwa sababu damu iliyomo ni yangu. Wengine huja alfajiri na mrija, wanapita ukutani wakiwanyonya mmoja mmoja. Fomu nilitia sahihi kwa hiari yangu, sikusukumwa. Ila tangu waanze hakuna aliyewahi kurudi kuniambia mbu wa nyumba yangu walikutwa na nini. Hilo linanikera, lakini silo lililonileta.

Juzi nikamuuliza kijana mmoja wao, mpole sana yule, anatafuta nini ndani ya mbu. Akaniambia kuna kijidudu kinaitwa Microsporidia MB, na mbu akiwa nacho habebi malaria. Akasema kiligunduliwa huku kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, si Ulaya. Nikadhani ananifurahisha tu apate chai. Binti yangu akatafuta kwa simu, kumbe kweli. Taarifa ilitoka mwaka 2020 kwenye jarida la Nature Communications, watafiti wa icipe, kile kituo cha utafiti wa wadudu, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Glasgow, na jina la Ahero limo katika tafiti hizo. Mpunga wetu haujawahi kuandikwa na mtu, mbu wetu wameandikwa!

Alivyonieleza, wazo ni kwamba siku moja madume ya mbu wanaweza kuambukizwa kijidudu hicho maabara, wafunguliwe kwa wingi, wapandane na majike wa huku, na kijidudu kisambae. Halijaanza kwetu. Hakuna mtu aliyefungua mbu Ahero, msije mkaeneza uvumi kwa jina langu.

Ila mimi hupenda kujiandaa mapema. Miaka yote tunaambiwa ua mbu, fukia madimbwi, lala ndani ya neti. Likija barazani, nimkubalie mtu aje na kikombe cha mbu amwage shambani kwangu? Na la pili ndilo linaloninyima usingizi: nikikataa mimi na jirani akakubali, mbu atajua mpaka wa jaruba langu uko wapi? Nani hasa mwenye ruhusa hiyo?

Maabara_Mbita

Mama, pole na mbu. Mimi nafanya kazi ya maabara upande wa Mbita. Hapa naandika kama mimi, sisemei ofisi yoyote.

Kijana hakukudanganya. Microsporidia ni viumbe vidogo mno, vina udugu na kuvu. Hiki cha MB huishi ndani ya seli za mbu, hasa tumboni na kwenye viungo vya uzazi. Anopheles arabiensis, mbu anayependa sana majaruba kama yako, hukirithi kutoka kwa mama yake. Tena dume akiwa nacho humpa jike wanapopandana. Hakimuui mbu wala hakimzuii kuzaa, na ndiyo maana kimeweza kukaa naye bila mtu kugundua.

Malaria kwa kawaida haipiti kwa mbu siku hiyo hiyo. Akishanyonya damu yenye vimelea, vimelea hivyo lazima vipandane tumboni mwake, vipenye ukuta wa tumbo, vizaliane hapo, kisha vipande hadi kwenye tezi za mate. Inachukua siku kumi hivi au zaidi, na mbu wengi hufa kabla. Kwa mbu mwenye MB safari hiyo hukatika njiani. Wako wanaosema kijidudu kinaiamsha mapema kinga ya mbu, wako wanaosema kinakula kile ambacho kimelea kingekitegemea. Ubishi huo bado unaendelea.

Sasa utauliza, kama kipo tayari, mbona wodi hazijaisha wagonjwa? Kwa sababu mbu wenye nacho ni wachache. Katika mbu wa mwanzo waliopimwa, kwa kawaida hawakufika mmoja kwa kila kumi, na idadi hupanda na kushuka kwa majira. Makadirio yaliyotolewa wakati ule yalikuwa kwamba angalau asilimia 40 ya mbu wa eneo wawe nacho ndipo malaria ipungue kwa kuonekana. Kutoka hapo tulipo hadi 40 ndipo penye kazi. MB hakipikwi kwenye pipa kama busaa. Hukua ndani ya seli hai tu, kwa hiyo ukitaka kingi lazima ufuge mbu wengi, uwalishe, utenganishe madume na majike. Nimekaa na vile vizimba vya neti, nakuambia mgongo unauma.

Jambo moja ulishike hata ukisahau mengine: mbu dume hanyonyi damu. Anakula maji matamu ya mimea. Wakifunguliwa madume elfu moja hakuna hata mmoja atakayekuuma. Ila binti zao watakuuma kama kawaida, na kelele sikioni usiku ziko palepale. Kwa hiyo neti haitoki kitandani.

Mzee_wa_Dunga

Nimesoma yote, na kijana wa Mbita ameeleza vizuri. Sasa mnisikilize mimi mvuvi.

Mbuta, yaani sangara, aliingizwa katika ziwa hili miaka ya 1950, wakati wa mkoloni. Matokeo yake niliyaona kwa macho miaka ya 1980, nikiwa kijana wa kuvuta nyavu. Tulizoea fulu, wale samaki wadogo, wa kila rangi, ukivuta wavu unakuta aina ambazo hata wazee hawakuwa na majina yake yote. Ndani ya miaka michache tukawa tunavuta mbuta tu. Mamia ya aina za fulu zimepotea, na hilo wanasayansi wenyewe wanalisema, si hadithi ya mzee. Kisha vikaja viwanda vya minofu hapa Kisumu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, kwetu ikabaki mgongo wazi, akina mama wakaanza kukaanga mifupa Obunga. Sikatai, pesa iliingia. Mimi mwenyewe nilijenga kwa mbuta. Lakini waliomleta walikuwa wataalamu, walikuwa na nia njema, walitaka samaki mkubwa ziwani. Hakuna mvuvi wa Dunga aliyeulizwa.

Mama, swali lako la pili ndilo la maana. La kwanza wataalamu watakujibu mpaka kesho.

Maabara_Mbita

Mzee, mfano huo siupuuzi, ni mzito. Ila ziwa hilo hilo lina mfano wa pili. Gugumaji lilipofunga bandari na fuo, fukusi wa Neochetina, wadudu wanaokula gugu hilo, walifugwa Kibos na wakaanza kufunguliwa ziwani mwaka 1997. Walikuwa wameshachunguzwa kwamba chakula chao ni gugumaji. Hawakuhamia sukuma wiki ya mtu wala mahindi. Mbuta hakuchunguzwa hivyo. Na tofauti nyingine, MB hakiletwi kutoka bara lingine. Wakati huu tunapoandika kimo ndani ya baadhi ya mbu wa Mama Mpunga.

Mzee_wa_Dunga

Fukusi nawajua. Na gugumaji bado liko, shuka pwani hapa asubuhi uone mashua zinavyosukumwa. Sisemi fukusi walikuwa vibaya, nasema tuliahidiwa kuliko tulichopata.

Omera_Kondele

Nyinyi mnajadili nini jameni. Hii ni ile GMO, viumbe waliobadilishwa jeni, ya mabeberu. Burkina Faso waliwafukuza hao watu wa mbu, mbona sisi ni wa kufanyiwa majaribio kila siku? Wacha wafungue kwao London kwanza.

Mwanafunzi_Maseno

Omera, umechanganya vitu viwili, na vikichanganywa barazani Mama hatapata jibu la maana.

Cha Burkina Faso ni mradi wa Target Malaria. Mwaka 2019 walifungua madume tasa waliobadilishwa jeni katika kijiji cha Bana, na Agosti 2025 serikali ya huko ikasimamisha shughuli zao. Lengo la mbele la mradi ule ni teknolojia ya kusukuma jeni, ambapo jeni moja hupangwa irithiwe na karibu watoto wote badala ya nusu yao. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London waliijaribu kwenye vizimba vya maabara, na mbu wote wa kizimba wakaisha baada ya vizazi 7 hadi 11. Ukifikiri jambo hilo likitokea nje ya kizimba, unaelewa kwa nini watu hawalali. Mimi pia sina amani nalo.

MB hakuna aliyekigusa jeni. Ni kiumbe cha porini, kinaongezwa idadi tu. Kinachofanana nacho zaidi ni Wolbachia, bakteria anayewekwa ndani ya mbu wa homa ya dengi, Aedes aegypti. Ilianza kufunguliwa Australia, mji wa Cairns, mwaka 2011. Kule Yogyakarta, Indonesia, mitaa iliyopata mbu wa Wolbachia ilipunguza dengi kwa asilimia 77 ikilinganishwa na mitaa ambayo haikupata. Huo ulikuwa utafiti wa kulinganisha mitaa kwa kura, si porojo za mtandaoni.

Na Mama, hapa ndipo panapokuhusu. Kule Townsville, Australia, watoto wa shule walipewa mayai ya mbu waanguliwe kwenye vyombo nyumbani kwao. Wenyeji ndio waliokuwa wanafungua mbu. Mtu anayeangua mbu kwenye kibaraza chake ameshaambiwa kila kitu, tena anaweza kumwaga kile chombo akibadili nia.

Omera_Kondele

Sawa nimesoma. Lakini bado nasema vizuri viende kwao kwanza.

Mwanafunzi_Maseno

London hakuna malaria omera, watajuaje kama kimefanya kazi?

Mhudumu_Nyakach

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, natembea nyumba kwa nyumba na begi langu la vipimo. Naona mnabishana juu ya mbu, na mimi naona watoto, kwa hiyo mniwie radhi nikiwa mkali kidogo.

Uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa 2020 ulikuta watoto 19 kati ya 100 katika ukanda huu wa ziwa wana vimelea kwenye damu, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 6. Mwaka 2015 sisi tulikuwa 27. Kwa hiyo kuna kilichofanyika, siyo kwamba tumekaa tu. Neti zimesaidia, dawa zimesaidia, na chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, Kenya ikawa moja ya nchi tatu za kwanza pamoja na Ghana na Malawi. Lakini chanjo ni dozi nne, na ile ya mwisho akina mama wengi huisahau kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa, anakimbia, haonekani mgonjwa. Hapo ndipo nyayo zangu zinapoishia.

Na neti ina kikomo chake. Huyo arabiensis mliyemtaja anauma pia nje, mapema, kabla mtu hajaingia ndani. Akikosa wewe anauma ng'ombe. Ukikaa jikoni nje saa moja na nusu unasonga ugali, neti iko chumbani inakusubiri. Tena mbu wengi wa sasa wamezoea dawa zinazopakwa kwenye neti, ndiyo maana siku hizi zinatengenezwa neti zenye dawa mbili. Kitu kinachomfuata mbu mwenyewe mahali alipo, hata kwenye zizi, mimi nakitaka.

Mzee wa Dunga, mbuta ameharibu fulu, nakubali. Ila wewe hujawahi kukimbia na mtoto wa mtu anayetetemeka usiku kwenye bodaboda wakati mto Nyando umefurika. Kusema hapana nako kuna gharama, isipokuwa haiandikwi mahali.

Mzee_wa_Dunga

Binti yangu, nimezika wajukuu. Usiniambie sijui.

Mhudumu_Nyakach

Nisamehe baba. Sikujua.

Karani_Kisumu

Niongeze upande wa karatasi, kwa kuwa Mama aliuliza nani mwenye ruhusa na wote mmelikwepa.

Ile fomu uliyotia sahihi ni ridhaa ya utafiti. Inahusu nyumba yako: mtego, mbu waliokamatwa ndani, pengine damu kidoleni. Haiwezi kukubali kwa niaba ya jirani, na haina lolote kuhusu kufungua mbu. Kwenye fomu za namna hiyo huwa kuna nambari mbili za simu, ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Ya pili ndiyo watu wasiyoipiga kamwe, na iliwekwa kwa ajili ya malalamiko kama lako la kutorudishiwa majibu.

Kwa mbu waliobadilishwa jeni kuna Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 na mamlaka yake. MB hakikubadilishwa, kwa hiyo kinaweza kupita nje ya mlango huo. Viumbe vinavyotumika kudhibiti wadudu huangaliwa na bodi ya bidhaa za kudhibiti wadudu, na mazingira yana NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Katiba nayo, ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kutunza mazingira. Lakini sote tumehudhuria ushiriki wa umma wa soda na mkate. Unatia sahihi karatasi ya mahudhurio, kesho yake inasomwa kwamba wananchi walikubali.

Kwa hiyo jibu la kweli, Mama: hakuna mtu mmoja mwenye ruhusa hiyo, na mkikaa kimya itachukuliwa kwenye karatasi ya mahudhurio.

MamaMpunga_Ahero

Nimesoma yote usiku huu, binti yangu akinisomea pale macho yalipochoka. Mzee wa Dunga, pole kwa wajukuu. Nami nimewahi kulala sakafuni wodi ya watoto, tuliache hapo.

Karani umenifungua macho. Karatasi ya mahudhurio! Ile tunaisaini kabla ya mkutano kuanza ili wahesabu soda. Sasa nitakuwa nasaini nikitoka, na nitawaambia akina mama wa kikundi chetu cha mpunga wafanye hivyo.

Nimeamua hivi. Likija, mimi siko kwenye hapana. Kijidudu kilichotoka kwa mbu wangu, kikirudi kwa mbu wangu bila kukatwakatwa jeni, sioni kwa nini nikiogope kuliko dawa ninayopulizia mpunga, ambayo nayo inaingia kwenye mfereji na ninaionja kila siku. Lakini ndiyo yangu haitoki bure. Nataka waanze upande mmoja wa skimu, upande wa pili ubaki kama ulivyo, tulinganishe kama walivyofanya hao wa Indonesia, na kura ipigwe mbele yetu ni upande upi. Nataka wahesabu watoto wagonjwa, wasihesabu mbu peke yake, kwa sababu mbu akiwa na kijidudu na mtoto wangu bado ana homa, mimi nimepata nini? Hesabu hiyo ibandikwe pale kwenye ofisi ya skimu ambapo bei ya mpunga hubandikwa, kila mtu aone. Na vijana wa hapa ndio wafundishwe kufuga hao madume. Skimu hii ina vijana waliomaliza fomu ya nne wanaoshinda wakifukuza ndege shambani. Mgongo wa Maabara_Mbita ukiuma, wako migongo mingine inayotafuta mshahara.

Maabara_Mbita, swali moja limebaki na wewe ndiye unaweza kulijibu. Sisi tunakausha majaruba kabla ya kuvuna, na mara nyingine maji ya mfereji hufungwa kwa majuma. Mbu wakipungua hivyo, hicho kijidudu nacho kinakwisha, tuanze upya kila msimu?

Maabara_Mbita

Hilo ni swali ambalo ningependa liulizwe na mtu mwenye jaruba mbele ya wakubwa wangu. Kijidudu kinaishi ndani ya mbu na hupita kwa mayai. Mbu wakibaki wachache kwenye mfereji na nyayo za ng'ombe, nacho kinabaki na hao wachache, kinaweza kupanda tena maji yakirudi au kikapotea pale. Ndiyo maana nilisema idadi hupanda na kushuka. Anayepanga kufungua mbu Ahero bila kalenda yenu ya maji mkononi anapanga vibaya. Wewe unajua tarehe za kufungua mfereji kuliko mtafiti yeyote. Usiwape bure.

Mzee_wa_Dunga

Mama ameongea. Mimi bado niko kwenye hapana, mpaka nione mtu ameandika nani atalipa mambo yakienda mrama. Ila akiitisha baraza nitapanda matatu nije Ahero, nikae nyuma.

MamaMpunga_Ahero

Karibu mzee. Njoo na samaki, mchele upo.